Babu Alitoka Tanga Ipi?

Muulize kijana wa Chumbageni babu yake alizaliwa wapi, atakujibu "Tanga" na kuona amemaliza. Hajasema uongo, ila kwa jibu hilo huwezi kumpata mtu kwenye nyaraka. Tanga ni mji, na jiji tangu 2005. Ni mkoa pia, unaopanda hadi Lushoto na kuingia Kilindi, na enzi za Waingereza ilikuwa wilaya na jimbo kwa wakati mmoja. Msambaa wa Mlalo akiwa Dar es Salaam husema ametoka Tanga. Mdigo wa Moa naye husema hivyo hivyo. Ukiandika "Tanga" tu kwenye daftari la ukoo, vitukuu hawatajua kama wazee wao walikuwa watu wa milimani au wa ufukweni.

Tumtazame mtu tunayemjua sote. Shaaban Robert alizaliwa 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Husomeka mara kwa mara kwamba alizaliwa "Tanga, Tanzania". Mwaka huo hapakuwa na Tanzania wala Tanganyika. Bendera iliyopepea ilikuwa ya Mjerumani. Alipofariki 1962 Tanganyika ilikuwa imepata uhuru, lakini Muungano ulikuwa bado, na jina la Tanzania halijatungwa. Mwandishi tunayemwita fahari ya Tanzania hakuishi Tanzania hata siku moja. Mtafiti makini angeandika: "Vibambani, Machui, Tanga, Afrika Mashariki ya Kijerumani." Mstari wa pili, mbali kabisa na wa kwanza: "Leo Mkoa wa Tanga, Tanzania."

Wengine huona huo ni ubishi wa wasomi. Sivyo, kwa sababu karatasi humfuata aliyetawala siku ilipoandikwa. Aliyezaliwa Tanga mwaka 1880 alizaliwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Pwani hii ilikodishwa kwa kampuni ya Wajerumani 1888, kisha Sultani akaiachia moja kwa moja kwa fidia ya maki milioni 4. Kwa hiyo mzee wa kipindi hicho huenda akaonekana kwenye Nyaraka za Zanzibar, kule Kilimani, kabla hajaonekana Dar es Salaam. Aliyezaliwa 1905 anaweza kuwa kwenye majalada ya Kijerumani, ambayo mengine yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na mengine Berlin. Wa 1930 mtafute kwenye karatasi za Waingereza. Kosea jina la nchi, utapoteza nauli.

Halafu kuna tahajia. Mjerumani aliandika kwa sikio lake: Muheza ikawa Muhesa, Zanzibar ikawa Sansibar, Mwanza ikawa Muansa, Arusha ikawa Aruscha. Ukitafuta "Muheza" kwenye faharasa yao hupati kitu, nawe utadhani ukoo wako haukuandikwa. Mahali pengine jina lilibadilishwa lote. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari, na misheni ya Mlalo ikaitwa Hohenfriedeberg. Nakili jina kama lilivyo kwenye karatasi, hata likikukera, kisha weka la leo pembeni. Ukilisahihisha ndani ya nakala, anayekuja baada yako hawezi tena kurudi kwenye karatasi yenyewe.

Majina pacha ni mtego mwingine. Msambweni ipo Tanga mjini, na nyingine iko Kwale, Kenya. Pongwe iko kwenye barabara ya kwenda Muheza. Iko tena Unguja, mashariki, na Kwale pia ipo. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani uliwakata Wadigo katikati, kwa hiyo shangazi anaposema "kwetu Msambweni" usikimbilie kuandika nchi. Muulize kwanza walikuwa wakienda sokoni wapi, na wakizika wapi.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya familia za manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani. Mkonge uliletwa 1893, na mashamba ya Tanga yakavuta watu kutoka Songea, Kigoma, Burundi na kwingineko. Kuanzia 1944 SILABU (Sisal Labour Bureau), ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, ilikuwa ikiwakusanya. Karani aliweza kuandika jina la wilaya, au la kituo alikoandikishwa mtu, akaacha kijiji. Watoto nao walizaliwa kambini: Ngombezi, Amboni, Mazinde. Kwa mtoto wa namna hii andika shamba na kambi, wala usiweke kijiji cha karibu kwa kukisia. Vijiji vyenyewe vilihamishwa na kuunganishwa miaka ya 1970 wakati wa Operesheni Vijiji, na majina mengine yamebaki vinywani mwa wazee tu.

Chumbageni yenyewe leo ni kata yenye mipaka kwenye ramani. Barua ya 1950 inayosema "Chumbageni" haikuandikwa kwa kufuata mipaka hiyo. Nukuu jina, taja tarehe ya barua, ongeza alama iliyotajwa: msikiti, kisima, nyumba ya nani. Programu za ukoo hukupa orodha ya nchi za leo, nawe ukibofya "Tanzania" zinaendelea kana kwamba hakuna kilichopotea. Bofya ukilazimika, lakini nafasi ya maelezo usiiache tupu.