Samaki wa Uvira: barafu inaishia njiani, angalieni sakafu ya gari

Asubuhi mikebuka wanapakiwa Kalundu, barafu chini, barafu juu. Gari inapita Sange, Luvungi, Kamanyola, na kabla haijamaliza kupanda Ngomo maji yanachuruzika kwenye mlango wa nyuma. Ikifika ku Bukavu, mama mwenye mzigo anafungua na kukuta samaki wamelegea, macho yamezama. Bei inashuka palepale. Deni alilokopa kununua mzigo halishuki.

Wengi wanasema barafu ilikuwa kidogo. Lakini tupige hesabu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inaweza kupoza karibu kilo 3 za samaki, kutoka digri 30 mpaka karibu 0. Kwa kilo 100 za samaki, kilo 33 hivi zingetosha. Hata hivyo, kwenye inchi za joto wavuvi wanashauriwa kuweka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Sehemu kubwa ya barafu hiyo kazi yake ni kupigana na joto linaloingia njiani. Kwa hiyo ukipunguza joto linaloingia, unapunguza barafu ya kununua, na wamama wanajua barafu inavyokuwa ghali umeme ukikatika.

Jua la juu kila mutu analiona. La chini linasahaulika. Mzigo unakaa moja kwa moja juu ya bati la gari, na chini ya bati hilo kuna bomba la moshi na barabara yenye moto ya bonde la Ruzizi. Kwa Hiace nyingi, hata motere iko chini ya viti vya mbele. Chuma kinapitisha joto haraka sana.

Dawa yake ni sakafu ya pili, na fundi mbao wa kawaida anaiweza. Anatoa viti na mazulia, anaosha, anakwangua kutu na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Kama kuna tundu la kusudia, lisudiwe siku hiyo, sababu kitakachofuata kinashika moto haraka: frigoliti, ile nyeupe inayokuja ndani ya karto za televizyo. Nguvu yake ni hewa iliyofungwa ndani ya punje zake. Sentimita 5 za frigoliti zinazuia joto kama ubao wa sentimita 15 au zaidi.

Mbao nyembamba zenye kimo cha sentimita 5 zinafungwa kwa vis. Kabla ya kutoboa, mutu alale chini ya gari aangalie tangi ya mafuta na mabomba ya freni yanapita wapi. Hapo hakuna mchezo. Frigoliti inakatwa ikae imebana kati ya mbao, na nafasi ndogo zinajazwa na vipande. Gundi yenye harufu ya petroli isitumike, inaiyeyusha kama sukari kwenye chai. Juu yake inakuja tripleksi ya milimita 12 au zaidi, maana kurudi gari inapakia mifuko ya unga na mizigo mingine mizito.

Sasa maji, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Maji ya barafu yakipenya kwenye tripleksi, mbao zinaoza, frigoliti inalowana na kupoteza nguvu, bati linashika kutu bila mutu kuona, na harufu ya samaki haitoki tena. Kwa hiyo juu kunawekwa bashi nzima bila kiungo, au bati laini, inayopanda ukutani sentimita 15 hivi, pembe zimezibwa kwa silikoni. Sakafu iinamie nyuma kidogo, kwenye tundu moja lenye bomba la kutoa maji. Bomba hilo likunjwe kama lile la chini ya lavabo, maji yabaki kwenye mkunjo na kuzuia hewa ya moto kupanda.

Sakafu peke yake haimalizi joto la ukuta na paa. Mwenye pesa kidogo anaweza kuweka juu yake konjelateri iliyokufa, ile ya mlango wa juu: motere yake haifanyi kazi, lakini kuta zake bado zinashika baridi. Tundu lake la maji lielekezwe kwenye lile la sakafu.