Saratani ya matiti: Si damu yetu, ni kuchelewa

Huenda umelisikia neno hili ndani ya matatu au kwenye mkutano wa chama cha akina mama: kwamba saratani ya matiti ya mwanamke Mwafrika ni ya aina yake, eti imo katika damu, na ikishakushika huna lako. Neno hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayowakalisha akina mama nyumbani mpaka mambo yakaharibika.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Huko Marekani wanawake weusi hawawazidi wazungu kwa kuugua saratani hii. Wako chini kidogo. Lakini kwa kufa wanawazidi kwa karibu asilimia 40. Sababu mojawapo ni aina ya saratani isiyosikia dawa za homoni wala zile zinazolenga protini iitwayo HER2. Vipimo vyake vitatu vya maabara vyote hutoka hasi, ndiyo maana huitwa hasi-tatu. Miongoni mwa weusi wa Marekani hupatikana takriban mara mbili ya wazungu.

Lakini Afrika si kijiji kimoja. Weusi wengi wa Marekani wana asili ya Afrika Magharibi. Daktari mpasuaji Lisa Newman na wenzake walipolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia, waliikuta hasi-tatu kwa wingi Ghana, na kwa uchache Ethiopia. Na kwetu je? Mwaka 2014 wataalamu wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Kenya. Wapatao 7 kati ya 10 walikuwa na saratani inayosikia dawa za homoni. Wa hasi-tatu walikuwa kama 1 kati ya 5.

Kwa hiyo, uwe wa Laiser Hill, wa Kitengela mjini au wa Kajiado, ukipatwa na ugonjwa huu yaelekea wako ni ule unaosikia kidonge kama tamoxifen. Hii ni dawa ya zamani, si ya bei ya kutisha, na humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi pamoja na tiba nyingine.

Basi mbona tunakufa? Makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha wagonjwa wapya zaidi ya 7,000 nchini Kenya kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 3,000. Uchunguzi mkubwa uitwao ABC-DO uliwafuata wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini. Baada ya miaka 3 takriban nusu tu walikuwa hai. Lakini miongoni mwa wanawake wazungu wa Namibia, wanaoishi chini ya jua lile lile, walikuwa hai 9 kati ya 10. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kufika hospitalini ugonjwa umeshaenea, na kukosa tiba kamili.

Hebu tuhesabu siku pamoja. Mama anaoga, anagusa uvimbe mdogo kama punje ya mahindi. Hauumi. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana sisi tumezoea kwenda hospitali kwa sababu ya maumivu, na saratani ya matiti mwanzoni kwa kawaida haiumi. Miezi inapita. Ziwa linaanza kuwa zito, ananunua dawa za viuavijasumu dukani. Shangazi anamwambia ni maziwa yaliyoganda. Mwingine anamwonya asikubali kukatwa, eti kisu hutawanya ugonjwa. (Ugonjwa huwa umetawanyika kabla ya kisu, kisu ndicho kinacholaumiwa.) Baba naye anasema tungoje mwisho wa mwezi.

Akifika hospitalini, safari ndiyo kwanza inaanza. Lazima kipande cha uvimbe kitolewe, kipelekwe maabara, majibu yangojwe. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uwe umetambuliwa katika muda wa siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza. Kisha ikihitajika mionzi, mgonjwa wa Kajiado hufunga safari ya Nairobi, Kenyatta au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Wa Kitengela atapanda matatu arudi jioni. Wa Loitokitok atalala wapi? Nauli na malazi huwakatisha wengi tiba.

Mambo mengine yamesogea mbele. Mwaka 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche kwamba Herceptin, dawa ya wenye HER2, ishuke kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila dozi, na fedha hizo zilipwe na SHA. Lakini huwezi kupewa kama hujapimwa.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, mwulize mama yako leo kama amewahi kujipapasa. Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi. Si uvimbe tu: tazama pia ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu kwenye chuchu, au donge kwapani. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hilo liachie maabara iseme, si shangazi.

Na kipande kikishatolewa, usitoke na jibu la "ni saratani" peke yake. Uliza: homoni zimepimwa? HER2 imepimwa? Omba nakala ya karatasi hiyo, uiweke pamoja na kitambulisho chako, kwa sababu daktari wa Nairobi ataitaka kabla hajaandika dawa.