Mabao ya masika na mabao ya kiangazi si kitu kimoja

Chukua ubishi huu. Ni wa kubuni, ila kama umewahi kukaa kijiweni Mikumi umeshausikia. Timu ya wilaya inataka straika mmoja. Wa Kilosa mjini ana mabao 9 katika mechi 10. Wa Mikumi ana 5 katika mechi 10. Wengi wameshamaliza kesi. Halafu mzee mmoja anauliza, "Hizo mechi zilichezwa lini?"

Kumbe yale 9 ni ya Julai na Agosti, uwanja mkavu. Yale 5 ni ya Machi hadi Mei, masika yenyewe.

Tofauti ya kwanza iko chini. Kwenye dimbwi, mpira lazima uyasukume maji pembeni ndipo usonge, na kazi hiyo inaumaliza mwendo: pasi inafia njiani. Tope nalo linamnyima straika hatua ile ya kwanza ya kumwacha beki. Lakini manyunyu mepesi juu ya nyasi fupi yanafanya kinyume! Msuguano unapungua, mpira unateleza, kipa anautema. Kwa hiyo kuandika "mvua" tu daftarini hakutoshi.

Ya pili iko hewani. Watu wengi husema hewa yenye unyevu ni nzito. Hapana. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, wakati wastani wa hewa kavu ni 29, hivyo mvuke unaifanya hewa iwe nyepesi kidogo. Joto ndilo lenye nguvu zaidi: kutoka asubuhi ya nyuzi 17 hadi mchana wa nyuzi 33, hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia 5. Kwa shuti la mita 20 huwezi kuona. Kwenye besiboli, ambako mpira huruka zaidi ya mita 100, hiyo ni karibu mita tatu za ziada, yaani kudakwa au kuvuka uzio. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walichambua mechi zaidi ya 100,000 wakakadiria kuwa ongezeko la joto duniani limechangia zaidi ya mipigo 500 ya kuvuka uzio tangu 2010. Wachezaji wanasifiwa, kumbe na jua lina pasi yake humo.

Turudi kwa mastraika wetu. Usihesabu mabao peke yake, tazama pia mechi zenyewe zilikuwaje. Tuseme mechi za Julai zilitoa wastani wa mabao 4 na za Aprili 2, timu zote mbili zikijumlishwa. Basi wa Kilosa amefunga 9 kati ya 40, asilimia 22.5. Wa Mikumi amefunga 5 kati ya 20, asilimia 25. Ghafla "mdogo" yuko mbele.

Usishangilie bado. Mechi 10 ni chache mno. Bao moja la penalti likiondoka kwa wa Mikumi anashuka hadi asilimia 21 na ubishi unaanza upya. Ningekuwa mimi kocha, ningewaita wote wawili siku moja, uwanja mmoja, saa kumi jioni, na kwenye daftari ningeongeza safu mbili: tarehe, na hali ya uwanja.