Kitambaa kilichotaka kufuta sauti ya marehemu

NILIPOFIKA Nabuyoga Januari 2019, mama mdogo hakusubiri hata ninywe maji. Aliiweka redio yake ya CD mezani, akabonyeza kitufe na kuniambia: "Sikia mwenyewe, mwanangu, vile baba yako anakatwa maneno."

Baba mdogo, Mpadhola wa hapo Nabuyoga, wilaya ya Tororo nchini Uganda, alikuwa mpigaji wa tongoli, kinubi cha Wapadhola. Mwaka 2005 alipiga na kuimba katika arusi ya binti yake. Kijana mmoja alimrekodi, kisha nyimbo hizo saba zikachomwa kwenye CD mjini Busia. Baba mdogo alifariki 2014, na CD hiyo ndiyo pekee iliyobaki na sauti yake.

Siku hiyo wimbo wa kwanza ulianza vizuri, kisha ukaanza kurukaruka. Neno moja lilirudiwa mara nne, tongoli ikanyamaza, halafu redio ikazima wimbo kabisa.

"Ni umeme wa nguo," mama alisema bila kusita.

Alifungua kitambaa chake cha nailoni kichwani, akaisugua CD nacho na kunikaribishia mkononi. Vinyweleo vilisimama. Kwa maoni yake, umeme huo ndio uliokuwa ukila nyimbo. Ili kuufukuza, kila asubuhi aliisugua CD mviringo kwa mviringo, kama mtu anayesugua sufuria.

Nilicheka kimoyomoyo. Baadaye niligundua kwamba mama alikuwa amekosea nusu tu.

Kesho yake niliifunga CD pamoja na redio, nikaelekea Busia, upande wa Kenya, kwa fundi ninayemwamini. Nilimweleza habari za kitambaa nikitarajia naye acheke. Hakucheka.

"Umeme anaousema mama upo, ndugu yangu," alisema. "Lakini haufanyi kazi anayodhani."

Umeme huo huitwa umeme tuli. Hausafiri kwenye waya, bali hukaa juu ya kitu. CD ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, yenye unene wa milimita 1.2, na plastiki haipitishi umeme. Ukiisugua kwa nailoni au poliesta, chaji hubaki papo hapo. Wakati wa masika unyevu wa hewa huiondoa chaji hiyo upesi. Januari, hewa ikiwa kavu, hukawia.

Hata hivyo, chaji hiyo haiwezi kuugusa wimbo wenyewe. Katika santuri za zamani, sindano ilipita ndani ya mfereji, na umeme tuli pamoja na vumbi ulilolivuta vilisikika kama mahindi yanayokaangwa. Mama alikulia kwenye santuri, na huenda imani yake ilitoka huko.

CD, ambayo ilibuniwa na Philips na Sony na kuanza kuuzwa Japani Oktoba 1982, husomwa kwa mwanga wa leza. Wimbo umeandikwa kwa tarakimu, na mashine huangalia tu jinsi mwanga unavyorudi. Chaji iliyo juu ya plastiki haizibadilishi tarakimu hizo.

Ng'ambo wapo wanaouza dawa za kunyunyiza na vifaa vya kuondoa umeme tuli kwenye CD, wakidai kwamba muziki utanoga zaidi. Fundi wangu hakuvutiwa na biashara hiyo. "Ukiondoa umeme ukaacha vumbi, umefanya nini?" aliniuliza.

Kosa la umeme tuli, kumbe, ni kualika vumbi. Nabuyoga wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara huingia hadi kabatini, na CD yenye chaji hulivuta na kuling'ang'ania.

Chembe moja haina neno. Mwale wa leza unapoingia kwenye uso wa CD huwa na upana wa takriban milimita 0.8, kwa hiyo huizunguka chembe hiyo na kukutana mbele yake. Zikiwa nyingi, mwanga hutawanyika. Vumbi likifika kwenye lenzi ndogo ya mashine, hata CD safi haisomeki vizuri.

Hapo ndipo kitambaa cha mama kilipoongeza msiba. Vumbi la barabara ni mchanga laini, na kulisugua likiwa kavu ni kupiga msasa.

Isitoshe, nyimbo kwenye CD zimepangwa katika mstari unaozunguka kutoka katikati hadi ukingoni. Mkwaruzo unaokatiza mstari huo huharibu sehemu fupi tu, na mashine inaweza kusahihisha pengo la hadi milimita 2.5 hivi bila msikilizaji kujua. Mkwaruzo wa mviringo huufuata mstari wenyewe, na pengo hurefuka hadi mashine inashindwa.

Fundi aliiosha CD kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo. Aliipangusa kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu, kutoka katikati kwenda nje, akaianika kivulini. Jua kali, alisema, hudhuru rangi inayobeba nyimbo kwenye CD za kuchomwa.

Kisha akaifungua redio. Kabla ya kuigusa lenzi alijifunga waya kifundoni, uliounganishwa na ardhi. Nilimuuliza sababu.

"Hapa ndipo umeme tuli unapoua kweli," alijibu. Cheche ya mkononi, hata ile mtu asiyoihisi, inaweza kuharibu leza. Ndiyo maana baadhi ya vichwa vipya vya leza huuzwa vikiwa vimeunganishwa kwa risasi ya kulehemu ili kuvilinda, na fundi huondoa kiungo hicho baada ya kukifunga kichwa mahali pake.

Tuliinakili CD kwenye kompyuta. Nyimbo sita zilipatikana salama. Wa saba, ambao baba mdogo alimwagia bintiye baraka, ulikatika katikati. Fundi alijaribu tena na tena, akatikisa kichwa.

Aliye na CD za arusi au matanga kabatini asizisugue zikiwa kavu, na asingoje zianze kuruka. Azinakili mahali pawili, kwani yale yaliyokwaruzika mno hayarudishwi kwa sabuni.

Nilirudi Nabuyoga na redio, CD na flashi mbili. Jioni tulisikiliza nyimbo zote. Wimbo wa saba ulipokatika, nilijiandaa kumwomba mama radhi. Kabla sijafungua kinywa, yeye alikuwa ameudaka wimbo pale ulipoangukia, akauimba hadi mwisho kwa sauti ya chini.

Nilimwomba aurudie, nikamrekodi kwa simu. Kitambaa cha nailoni kilikuwa kimerudi kichwani.