Dadu Linapomkataa Mtoto

Ni jioni ya kiangazi, mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Tuifikirie familia moja ya Kibakwe, wilayani Mpwapwa, imeuzunguka ubao wa ludo. Mtoto wa miaka mitano amerusha dadu mara kumi, na sita haijatoka. Kete za dada yake zinakaribia nyumbani. Zake zote nne zingali kifungoni. Anaupindua ubao na kuangua kilio. Baba anasema mtoto amedekezwa.

Tumtendee haki mtoto huyu. Dadu lisilo na hila humnyima mchezaji sita katika mirusho kumi mfululizo takribani mara 16 katika kila 100. Si laana wala uzembe. Lakini yeye hajui hesabu hiyo, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoizuia hasira isigeuke kitendo, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba watoto wadogo wachezapo gololi, wote huweza kujiona washindi kwa wakati mmoja. Kushindwa ni jambo la kufundishwa.

Wazazi wengi hujishindisha makusudi ili amani idumu. Mara moja moja si neno, ila mtoto hugundua upesi kuliko tudhaniavyo. Afadhali kuufupisha mchezo: kete mbili badala ya nne. Bibi naye, dadu likimkataa, aseme kwa sauti, “Leo limeninyima, nami nimeudhika kidogo,” kisha aendelee kucheza. Baadaye mtoto aulizwe: lipi lilikuwa la dadu, lipi lilikuwa lako? Katika bao, kete zote 64 zi mbele ya macho, wala hakuna bahati ya kulaumiwa. Katika ludo ipo. Tofauti hiyo mkulima wa Kibakwe anaijua vema, kwa kuwa hupanda kwa msimu mmoja tu wa mvua. Mvua ikikatika Januari, watoto humtazama baba atakavyoingia nyumbani.

Ikiwa mtoto aliyekwisha kuanza shule hujiumiza au huumiza wenzake kila ashindwapo, nyumbani na shuleni pia, apelekwe kituo cha afya. Huyu wetu wa miaka mitano aachwe alie. Akitulia, aziokote kete mwenyewe, na dada yake amshikie taa.