Baiskeli na Mtu Anayejua Kushuka

Mtu akinogewa na baiskeli ya mbio, kitu cha kwanza kubadilika ni usiku wake. Anayetaka kumaliza kilomita 80 Jumamosi kabla malori hayajajaa barabarani hawezi kukesha Ijumaa. Sherehe anaziaga mapema, chakula cha jioni kinasogezwa mbele, na marafiki wanaanza kupungua bila yeye kukusudia, hadi wabaki wale wanaoamka saa kumi na moja alfajiri. Baada ya muda zinafuata pesa, maana matairi, minyororo na breki huisha, na vifaa vya baiskeli hizi si vya bei ya chini. Mechi ya mpira ni dakika 90, lakini safari moja ya masafa humeza asubuhi nzima, na mazoezi ya kweli hutaka asubuhi kadhaa kwa wiki. Jambo linalochukua sehemu kubwa hivyo ya maisha ya mtu halipaswi kusifiwa kwa jumla tu kwamba linaleta afya. Tuulize linamjenga nani na linambomoa nani. Nionavyo mimi, idadi ya kilomita haitupi jibu. Kinachotupa jibu ni kama mtu huyo, siku ikilazimu, anaweza kushuka.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Vallerand, na wenzake walichapisha utafiti uliotenganisha aina mbili za shauku. Kuna shauku ambayo mtu ameichagua na kuipa nafasi yake pamoja na kazi, familia na mapumziko. Kuna nyingine inayomwendesha yeye: akikosa siku moja anakosa raha, na thamani yake yote machoni pake imefungwa kwenye shughuli hiyo. Katika sehemu moja ya utafiti waliwafuatilia waendesha baiskeli wa Quebec, ambako barabara hushika barafu majira ya baridi. Walioendelea kutoka nje na baiskeli wakati huo walikuwa na kiwango cha juu zaidi cha shauku ile ya pili. Kwa shauku ya kwanza hawakutofautiana na wenzao walioweka baiskeli ndani kungoja joto. Tairi la baiskeli ya mbio lina upana wa milimita 25 au 28 hivi, na sehemu yake inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana ukubwa wa dole gumba. Juu ya barafu, uzito wote wa mtu unashikiliwa na vidole gumba viwili. Sidhani kuna mwendeshaji wa Quebec asiyelijua hilo. Walilijua, na bado walitoka.

Kwa upande wa mwili, anayetetea baiskeli ana ushahidi mzuri. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichunguza kumbukumbu za Wafaransa 786 walioshiriki Tour de France kati ya 1947 na 2012, wakakuta kiwango chao cha vifo ni pungufu kwa asilimia 41 kikilinganishwa na cha wanaume wengine wa nchi hiyo. Msomaji makini atasema mara moja kwamba hao walizaliwa na miili ya chuma, ndiyo maana wakafika Tour. Pingamizi hilo ni la haki, na takwimu hiyo peke yake hailijibu. Ndiyo sababu kisa cha Robert Marchand kina uzito wa pekee. Mfaransa huyu alizaliwa 1911, akapenda baiskeli akiwa kijana, akaiacha kwa miongo mingi akihangaikia maisha, kisha akairudia akikaribia miaka 70. Alipokuwa na miaka 101, mtaalamu wa fiziolojia Véronique Billat alimpangia mazoezi: kilomita zipatazo 5,000 kwa mwaka, asilimia 80 kwa nguvu ndogo na asilimia 20 kwa nguvu kubwa. Miaka miwili baadaye uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulikuwa umepanda kwa asilimia 13, katika umri ambao kila kiungo hutarajiwa kushuka. Mwili aliozaliwa nao ulikuwa uleule mwanzo na mwisho, hivyo damu ya ukoo haiwezi kueleza ongezeko hilo. Tena tazama mpango wenyewe ulivyokuwa: sehemu kubwa ya safari zake ilikuwa ya polepole. Mtu anayeendeshwa na shauku hawezi kuvumilia hilo, kwa kuwa kila safari kwake ni mtihani. Januari 2017, akiwa na miaka 105, Marchand aliendesha kilomita 22.547 kwa saa moja. Mwaka uliofuata aliacha mashindano. Alifariki 2021 akiwa na miaka 109.

Wapo watakaosema ushauri huu wa kujua kushuka unawafaa wazee, na kwamba bingwa hapatikani bila kujitoa mzima. Biniam Girmay wa Eritrea anawajibu vizuri kuliko mimi. Machi 2022 alishinda Gent-Wevelgem, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo, na Ubelgiji nzima ikataka kumwona kwenye mashindano makubwa ya Flanders juma lililofuata. Yeye alikuwa amekwisha kupanga kurudi Asmara kwa mkewe na binti yake mdogo baada ya miezi mbali nao, naye akarudi. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kumaliza na jezi ya kijani ya mshindi wa pointi. Hakuna anayeweza kumwambia kwamba hakujitoa.

Pingamizi zito zaidi ni barabara zetu, na hapa takwimu za afya hazimfariji mtu aliyepigwa na kioo cha lori. Barabara kuu nyingi za Afrika Mashariki hazina njia ya baiskeli, na bega la lami mara nyingi limemeguka. Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara kwa magari siku maalumu tangu 2016, na Dar es Salaam na Nairobi hazina kisingizio cha kushindwa kufanya vivyo hivyo. Lakini serikali haiwezi kuamua kwa niaba ya mtu kwamba leo giza limeingia, mvua imenyesha, au mtoto anaumwa. Uamuzi huo ni wa mwenye baiskeli. Kwa hiyo, ewe uliyeipenda baiskeli, andaa ratiba yako ya wiki pamoja na watu wa nyumbani kwako, weka ndani yake siku ambazo baiskeli haitoki, na siku hizo uziheshimu kama unavyoheshimu safari ya Jumamosi. Ukiona hilo linakushinda kwa mwezi mzima, zungumza na mtu unayemwamini kabla hujanunua tairi jingine.