Gia Ngumu si Giaboksi Mbovu

Kuna gari moja hapa Mombasa, Volkswagen ya mwaka 1967, rangi ya samawati iliyofifia, ambalo wazee wa Mji wa Kale hulitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Mwenyewe alikwisha tangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na gari likabaki kwa mwanawe, ambaye ni rafiki yangu. Mwaka jana lilikaribia kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na sababu haikuwa injini wala kutu. Ilikuwa ni gia tu.

Gia ziligoma. Kutia ya kwanza kulitaka nguvu ya mkono na bega. Ya kurudi nyuma ilisaga meno hata mpita njia akageuka kutazama. Na msomaji aijua miji yetu: vichochoro ni vyembamba, mikokoteni imejaa, hupiti hatua hamsini hujabadilisha gia. Siku moja alikwama kwenye mteremko wa feri pale Likoni, mamake ameketi ubavuni, honi nyuma zikilia kama za harusi, naye ang'ang'ana na mkono wa gia usiotaka kuingia. Jasho la siku ile ndilo lililompeleka gereji.

Gereji hiyo, ambayo sina haja ya kuitaja, haikulichukua gari hata kulizungusha mtaa mmoja. Aliambiwa kuwa giaboksi imekwisha, iteremshwe, itafutwe nyingine. Bei aliyotajiwa ilishinda bei ya gari lenyewe. Ndugu wakakaa kikao, wakaona liuzwe. Mama mtu alinyamaza, na wamjuao wajua kwamba kunyamaza kwake si kukubali. Gari lile ndilo alilopakiwa siku ya arusi yake.

Huenda kijana wa leo akauliza, gari kuukuu kama hilo lina nini? Nami namjibu kwamba Volkswagen hii yenye mgongo wa kobe ina historia katika nchi hii. Yale mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa malkia wa Uingereza, yalipata washindi waliokuwa ndani ya Volkswagen mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, katika matope na vumbi ambamo magari ya fahari yalibaki yamezama. Ya mwisho kabisa iliundwa Mexico mwezi Julai 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21 duniani. Kwa hiyo vipuri bado vyapatikana kwa anayejua kuvitafuta.

Nilimwambia rafiki yangu asiuze kwanza, twende kwa mzee mmoja niliyemjua zamani, fundi aliyekwisha kuacha kazi, ambaye macho yake yameingia ukungu. Tulimkuta barazani baada ya sala ya alasiri, buli la kahawa mbele yake. Hakuinuka. Alianza kwa maswali.

"Mwanangu, injini ikiwa imezimwa, gia zaingia?"

"Zaingia, mzee, ila mkono wapotea potea, waitafuta ya kwanza kama mtu atafutaye swichi gizani."

"Na injini ikiwaka?"

"Hapo ndipo vita."

Mzee akacheka. Maana katika maswali hayo mawili mna nusu ya elimu yote ya jambo hili. Gia zikiingia vyema injini ikiwa imezimwa, na zikakataa ikiwa yaunguruma, basi usiishuku giaboksi kwanza, ishuku klachi. Kazi ya klachi ni kutenga injini na giaboksi. Ukikanyaga pedali na isitenge barabara, mhimili wa giaboksi waendelea kuzunguka, nawe wataka kuingiza jino katika jino linalokimbia. Lakini gia zikiwa ngumu hata injini ikiwa kimya, hapo ugonjwa uko kwenye vyuma vinavyounganisha mkono na giaboksi, au ndani ya giaboksi yenyewe.

Kisha akataka gari liwashwe. Akamwambia akanyage klachi hadi mwisho, ahesabu mpaka tano, ndipo atie ya kurudi nyuma polepole. Kwa nini hiyo? Kwa sababu gia nne za mbele za gari hili zina sinkromeshi, yaani pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana, lakini ya kurudi nyuma haina. Yenyewe haimfichii mtu aibu. Klachi ikiwa imetenga, ndani ya hesabu ya tano kila kitu kimetulia, nayo huingia bila kelele. Ilipoingia, ilisaga. Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza kama maalimu wa chuoni anavyosikiliza makharija ya mwanafunzi, akajua herufi ipi imetamkwa vibaya.

"Klachi yaburura," akasema. "Nipe mkono wako, nishike pedali."

Pedali ilishuka karibu upana wa kiganja kabla ya kukutana na uzito wowote. Yatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 tu. Klachi ya Volkswagen hii haivutwi kwa mafuta kama ya magari mengi ya baadaye, bali kwa waya upitao katika mfereji wa chuma katikati ya gari, kisha ndani ya mrija unaopinda hadi kwenye giaboksi. Waya ukirefuka, mguu wachoka bure na klachi haifunguki. Kulikuwa na nati ya kuukaza waya huo chini ya gari, nayo ilikuwa haijaguswa miaka. Mrija nao wapasa kulegea kidogo, utumbo wake ushuke kama milimita 25 hadi 45. Ukinyooka sana klachi hutetema, ukishuka mno waya huwa mzito.

Nati ikakazwa. Gia ya nyuma ikaingia bila sauti. Rafiki yangu aliruka kwa furaha, akataka kuondoka. Mzee akamzuia: na ule mkono unaopotea je?

Naam, maradhi yalikuwa mawili, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza, wakiona moja limepona hudhani yameisha. Chini ya kiti cha nyuma mna kifuniko kidogo cha bati, na chini yake kiungo kinachofunga chuma kirefu cha gia na giaboksi. Raba zake zilikuwa zimepasuka. Kule mbele, chini ya mkono wenyewe, chuma kile hushikwa na bushi ndogo ya plastiki, ambayo haikuwapo tena, imekwisha kusagika ikawa unga. Chuma kikacheza ovyo, na mkono ukawa unaeleza hivi huku giaboksi yasikia vile. Bushi na raba mpya, zote mbili pamoja, zilitiwa katika mfuko wa shati.

Jambo la mwisho lilikuwa mafuta. Yalipomwagwa, mzee aliomba apewe kizibo, ambacho kina sumaku, akakisugua kwa vidole. Palikuwa na uji mweusi laini, haukuwa na vipande. Vipande vya chuma vingekuwa habari nyingine. Uji ni uzee wa kawaida. Yakatiwa mapya, lita mbili na nusu za namba 90, tena ya daraja la GL-4. Mzee alisisitiza hilo, kwani baadhi ya mafuta ya GL-5 yana dawa kali yenye kuzila zile pete za shaba, na muuza duka aghalabu atakupa chochote kilichoandikwa gia.

Ya pili ilibaki na kasoro. Asubuhi, kabla mafuta hayajapata moto, ukiiharakisha hulalamika kidogo, na hiyo ndiyo pete iliyolika kweli. Kuibadili ni lazima giaboksi ifunguliwe. Mzee alishauri iachwe, dereva ajifunze kukanyaga klachi mara mbili anaposhuka gia na asiwe na papara.

Mzee hakupokea pesa. Alikubali kahawa tu, na tende alizopelekewa wiki iliyofuata.

Tulivuka Likoni watu watatu siku ya Jumapili, mimi nyuma, mama na mwanawe mbele. Mteremkoni gari liliondoka bila kelele. Tulipofika ng'ambo, akapandisha, akatia ya pili kwa haraka, nayo ikatoa ule mlio wake mfupi. Uso wa rafiki yangu ukabadilika. Mamake hakugeuza hata shingo.

"Hiyo wacha," akamwambia. "Hata kwa babako ikilia."